Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kazi ya Watafiti wa Sanaajadi

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wakati: kutoka kwa wanafunzi wanaotafuta mada, kutoka kwa familia zenye kanda za zamani kabatini, na kutoka kwa watu waliomwona mgeni ameshika kinasa sauti wakajiuliza anatafuta nini. Yamepewa nambari ili jibu moja likupeleke kwenye jingine. Si lazima uyasome kwa mfuatano.

## Misingi

1. Mtafiti wa sanaajadi hufanya kazi gani hasa?

Huchunguza mambo ambayo watu hurithishana kwa kusikia, kutazama na kuiga: ngano, visasili (masimulizi ya chanzo cha vitu), visakale (masimulizi ya mashujaa na matukio), methali, vitendawili, nyimbo za kazi na za kubembeleza watoto, michezo, matambiko, ususi, ufinyanzi, soga, hata uvumi. Jumla ya haya wataalamu wa Kiswahili huiita sanaajadi. Wengine husema folklora. Fasihi simulizi ni sehemu yake moja, ile iliyofumwa kwa maneno.

Wengi hudhani kazi yake ni kukusanya hadithi. Hilo ni nusu, tena nusu nyepesi. Mkusanyaji akishapata maneno ya ngano hufunga daftari akaenda zake. Mtafiti ndiyo kwanza anaanza: nani ameitamba, mbele ya nani, saa ngapi, kwa nini leo amerefusha sehemu ya fisi na kuiruka ile ya harusi, hadhira ilicheka wapi, na nani aliinuka akaondoka katikati? Maneno peke yake ni ganda. Kiini kimebaki pale ngano ilipotambiwa.

Mwaka 1971 Dan Ben-Amos alipendekeza fasili fupi ambayo bado inabishaniwa: sanaajadi ni mawasiliano ya kisanaa katika vikundi vidogo. Angalia kilichokosekana humo. Hakuna neno "kale" (tazama swali la 4).

2. Taaluma hii ilianza lini?

Kukusanya ni kwa zamani, lakini taaluma yenyewe ni mtoto wa karne ya 19. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa juzuu ya kwanza ya ngano zao mwaka 1812. Neno la Kiingereza folklore, ambalo lugha nyingi zimelikopa, lilitungwa mwaka 1846 na William Thoms, aliyeandika barua kwa jarida la The Athenaeum akijificha nyuma ya jina la Ambrose Merton. Vyama vikafuata: cha London mwaka 1878, cha Marekani mwaka 1888.

Kwa nini wakati ule? Viwanda vilikuwa vinahamisha watu mashambani, na wasomi waliogopa kwamba mambo ya wazee yangekwisha. Sababu ya pili ni siasa. Mataifa yaliyokuwa chini ya mengine yalitaka ushahidi kwamba nayo yana urithi wake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Finland, iliyokuwa chini ya Urusi. Elias Lönnrot, tabibu wa wilaya, alizunguka vijijini akikusanya nyimbo za mapokeo, akazisuka kuwa utenzi mmoja, Kalevala, uliotoka mwaka 1835 na kupanuliwa mwaka 1849 hadi mistari 22,795. Utenzi huo ulisaidia watu kujiona taifa. Ulizua pia swali gumu kuhusu uaminifu, ambalo lina jibu lake katika swali la 13.

3. Ana tofauti gani na mwanahistoria, mwanaanthropolojia au mwanaisimu?

Mipaka huvukwa mara nyingi, na mtu mmoja anaweza kuwa na kofia mbili. Kwa kifupi: ukimletea kisakale kuhusu vita, mwanahistoria atauliza kama vita hivyo vilipiganwa, mwanaisimu atasikiliza sauti na sarufi, mwanaanthropolojia atatafuta mfumo wa jamii ulio nyuma yake. Mtafiti wa sanaajadi atauliza kwa nini kisakale hicho bado kinasimuliwa leo, na kinasimuliwa kwa ufundi gani. Kisakale cha uongo mtupu kwake kina thamani sawa na cha kweli.

4. Kwa hiyo sanaajadi ni mambo ya kale tu?

La. Hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi, na hata watu wa makumbusho huliangukia.

Iona na Peter Opie waliwasikiliza watoto wapatao 5,000 wa shule za Uingereza, na mwaka 1959 wakachapisha kitabu kinene kuhusu lugha na michezo yao. Waliyoyakuta uwanjani hayakufundishwa na mwalimu yeyote. Mtoto wa miaka tisa alimrithisha wa miaka saba, na mnyororo ukaendelea bila mtu mzima kuugusa. Jan Harold Brunvand, mwaka 1981, aliwazoeza wasomaji wa Marekani visa vya mjini, vile ambavyo kila msimulizi huapa vilimpata "rafiki wa rafiki yangu". Abiria anayetoweka ndani ya gari ni mmoja wao.

Intaneti haikuua jambo hili, imeliongezea kasi. Slender Man, kiumbe mrefu asiye na uso, alibuniwa na mtu mmoja mwaka 2009 katika shindano la picha za kutisha. Muda mfupi baadaye maelfu ya watu wasiojuana walikuwa wanamwongezea visa, sheria na historia ya karne zilizopita. Mwenye kumbuni anajulikana, tarehe inajulikana, na bado mwenendo wake ni ule ule wa zimwi la ngano: kila msimulizi anaongeza chake na hadhira inachuja. Picha za vichekesho zinazozunguka kwenye simu yako zinafuata njia hiyo hiyo.

## Nyanjani

5. Mtafiti hufanya nini anapofika nyanjani?

Kwa siku za mwanzo, karibu hakuna. Anasalimia, anajitambulisha kwa wazee na viongozi, anaeleza alichofuata, anakaa. Anayetoa kinasa sauti siku ya kwanza hupata majibu ya siku ya kwanza: mafupi, ya heshima, yasiyo na kitu.

Baadaye huja njia mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni kuhudhuria tukio lenyewe, kama ni msiba, kazi ya shamba au mkesha, na kurekodi linavyokwenda bila kuliongoza. Ya pili ni mahojiano ya pembeni, ambapo fanani (msimulizi au mwimbaji) anaulizwa alijifunza kwa nani, anafikiri hadithi ina maana gani, na ipi haithubutu kuisimulia mbele ya wakwe. Kila usiku mtafiti huandika shajara, akiwa amechoka, kwa sababu asubuhi nusu ya mambo itakuwa imeshaponyoka.

6. Kwa nini aende huko? Si amwite msimulizi studioni?

Anaweza, na sauti itakuwa safi. Lakini fanani bila hadhira ni mchezaji bila mpira.

Milman Parry na Albert Lord walilithibitisha hili Yugoslavia kati ya mwaka 1933 na 1935. Walitaka kujua jinsi mtu asiyesoma anavyoweza kuimba utenzi wa saa nyingi. Mmoja wa manju, yaani waimbaji, waliowarekodi, Avdo Međedović, alikuwa mchinjaji nyama asiyejua kusoma wala kuandika, na utenzi wake mmoja ulizidi mistari 12,000. Parry akamfanyia jaribio. Manju mwingine aliimba utenzi ambao Avdo hakuwahi kuusikia, wenye mistari 2,294. Ulipokwisha, Avdo akaombwa auimbe yeye. Kisa kikawa kile kile, mistari ikafika 6,313.

Hakuukariri. Aliutunga upya papo hapo kwa mafungu ya maneno na matukio aliyoyazoea, akipamba silaha, farasi na mashaka ya moyoni. Ndiyo maana mtafiti hutaka kuwapo: kila utendaji ni utunzi mpya, na kinachouumba ni watu waliokaa mbele ya mtendaji. (Hili ndilo pia linalojibu swali la 14.)

7. Hutumia vifaa gani?

Siku hizi kinasa sauti kidogo, maikrofoni ya nje, kamera, betri za akiba na daftari. Daftari haliishiwi chaji.

Wa zamani walibeba mzigo. Mwaka 1890 Jesse Walter Fewkes alirekodi nyimbo na masimulizi ya Wapassamaquoddy, wenyeji wa asili wa Maine huko Marekani, kwa silinda za nta, kila moja ikibeba dakika 2 au 3 tu. Ndizo rekodi za nyanjani za kwanza zinazojulikana. John Lomax na mwanawe Alan, mwaka 1933, walizunguka kusini mwa Marekani na mashine ya kilo zaidi ya 100 ndani ya gari. Na Ireland wakusanyaji walinukuu silinda kisha wakaikwangua nta ili itumike tena. Fedha zilikuwa haba, na waliamini kwamba maneno ndiyo mali. Leo tunayo maandishi, lakini sauti nyingi zimekwenda na vumbi la nta. Huwa nawakumbusha hilo wanaotaka kufuta faili za sauti baada ya kunukuu ili wapate nafasi kwenye kompyuta.

Kuhusu ubora: chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti kinapendekeza faili la WAV la biti 24, kwa kilohezi 96, au angalau 48. MP3 ni ya kumtumia rafiki.

8. Ni bora mtafiti awe mwenyeji au mgeni?

Kila mmoja ana upofu wake. Mgeni huuliza mambo ambayo mwenyeji anaona aibu kuyauliza kwa kuwa "kila mtu anajua". Mwenyeji husikia kejeli ambayo mgeni anaichukua kuwa sifa.

Usifikiri mwenyeji anafunguliwa milango yote. Zora Neale Hurston, mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Franz Boas, alirudi Florida alikokulia kukusanya masimulizi ya watu weusi wenzake. Safari ya kwanza alirudi karibu mikono mitupu, kwa sababu aliwauliza watu kwa lugha ya chuoni, nao wakamjibu kwa upole kwamba hawajui kitu. Alipobadili namna yake, akakaa nao, akacheka na kutaniwa, masimulizi yakafunguka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1935, na bado yanasomwa kwa raha kuliko ripoti nyingi za wataalamu, pengine kwa kuwa alijiweka ndani ya kisa badala ya kujificha nyuma ya meza.

9. Msimulizi akikosea, mtafiti amsahihishe?

Asimsahihishe. Anachokiita kosa kinaweza kuwa toleo jingine, utani, au kosa halisi ambalo hadhira italisahihisha yenyewe. Hilo la mwisho ni data tamu kuliko hadithi isiyo na doa. Akitaka kuhakikisha, aulize siku nyingine, faraghani.

## Baada ya kurekodi

10. Unukuzi una ugumu gani? Si kuandika unachosikia tu?

Jaribu dakika tano za mazungumzo ya watu watatu, halafu rudi tuzungumze. Saa moja ya sauti inaweza kula siku nzima, na ikiwa kuna nyimbo, lahaja ngeni au watu wanaodakiana maneno, siku kadhaa.

Ugumu mkubwa uko kwenye maamuzi. Je, uandike "eee" ya msimulizi? Kimya cha kabla ya zimwi kutokea utakionyeshaje? Akiigiza sauti ya bibi kizee, karatasi itajuaje? Wengine huvunja masimulizi kwa mistari kama shairi, kila pumzi mstari wake, ili mdundo uonekane. Wengine hutumia alama za mabano kwa kicheko na makofi. Chagua njia moja na uieleze mwanzoni. Lahaja isibadilishwe kuwa lugha sanifu. Atakayetaka tafsiri awekewe pembeni.

11. Mbona ngano moja hupatikana katika nchi zisizopakana?

Swali hili limewala watafiti maisha mazima. Mwaka 1910 Antti Aarne wa Finland alitoa fahirisi ya aina za ngano, kila aina na nambari yake. Mmarekani Stith Thompson akaipanua mwaka 1928 na 1961, na Hans-Jörg Uther akaifanyia marekebisho makubwa mwaka 2004. Ndiyo maana utaona herufi ATU, za majina ya hao watatu, katika makala za kitaalamu. Hadithi ya msichana anayeteswa na mama wa kambo na kutambuliwa kwa kiatu ni ATU 510A. Toleo la China liliandikwa na Duan Chengshi katika karne ya 9, na msaidizi wa msichana humo ni mifupa ya samaki. Perrault wa Ufaransa alimpa kiatu cha kioo mwaka 1697. Kwa ndugu Grimm kiatu ni cha dhahabu.

Maelezo ni matatu, na mara nyingi yote yana ukweli kidogo: ngano husafiri na wafanyabiashara, mabaharia, watumwa na wake walioolewa mbali, ngano mbili zinaweza kuzaliwa mbalimbali kwa sababu shida za watu zinafanana, na kitabu kinaweza kuingia kijijini, kikasomwa mara moja, kikasimuliwa miaka mia. Fahirisi haijibu swali. Inakusaidia tu kujua kwamba unalinganisha vitu vinavyolinganishika. Nayo ilijengwa zaidi juu ya ngano za Ulaya, kwa hiyo usishangae ukikosa nambari ya ngano uliyoirekodi.

12. Na Propp je? Kila mwanafunzi anamtaja.

Vladimir Propp wa Urusi alichukua ngano 100 za ajabu kutoka mkusanyiko wa Afanasyev, na mwaka 1928 akaonyesha kwamba matendo ndani yake hayazidi aina 31, yakifuatana kwa mpangilio ule ule, na wahusika hugawana dhima 7. Ni chombo kizuri kwa ngano za namna ile. Kukilazimisha kwenye kila masimulizi, pamoja na tangazo la sabuni, ni tabia ya tasnifu zilizoandikwa kwa haraka.

13. Je, ni kweli kwamba ndugu Grimm na Lönnrot walighushi?

Kughushi ni neno kali. Walihariri kupita kiasi ambacho leo tungeruhusu. Katika toleo la 1812, anayetaka kumuua Theluji Nyeupe (Snow White) ni mama yake mzazi. Mwaka 1819 akageuzwa mama wa kambo. Wilhelm aliendelea kulainisha lugha na kuongeza dini hadi toleo la mwisho la mwaka 1857. Na mwanamke waliyemsifu kama sauti ya wakulima wa Ujerumani, Dorothea Viehmann, alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, na ukoo wa baba yake ulitoka Ufaransa. Lönnrot naye aliunganisha nyimbo za waimbaji mbalimbali na kutia mistari yake mwenyewe ili kisa kishikane. Hakuficha kwamba aliunganisha. Wasomaji ndio waliopenda kusahau.

Tofautisha hilo na kubuni kitu na kukiuza kama cha mapokeo. Richard Dorson, mwaka 1950, alilitungia jambo hilo jina la kejeli, fakelore, akimlenga zaidi Paul Bunyan, jitu la wakata miti wa Marekani. Chembe ya masimulizi ilikuwepo makambini, lakini umaarufu wake uliletwa na vijitabu vya matangazo ya biashara ya mbao. Hata hivyo Dorson hakuwa na neno la mwisho. Watu wakikipokea kitu cha kubuni, wakakisimulia wenyewe na kukibadilisha, kinaingia katika mapokeo kwa mlango wa nyuma, kama tulivyoona katika swali la 4.

14. Toleo lipi la hadithi ndilo la asili?

Halipo. Kuna toleo la zamani zaidi lililoandikwa, na hilo ni bahati ya kalamu tu. Soma tena swali la 6.

## Kuhifadhi

15. Kuhifadhi utamaduni maana yake nini? Kurekodi hakutoshi?

Kunatosha kama unataka kumbukumbu ya jambo. Ukitaka jambo lenyewe liendelee, hakutoshi. Wimbo ulio kwenye seva na hakuna mtoto anayeuimba umehifadhiwa kama kipepeo aliyepigiliwa pini.

Kwa miongo mingi hifadhi ilimaanisha nyaraka, na kweli tungekuwa maskini bila hizo: Vienna ilianzisha hifadhi ya sauti mwaka 1899, Berlin mwaka 1900, Maktaba ya Bunge la Marekani ikaanza ya nyimbo za mapokeo mwaka 1928. Mkondo wa pili ulitoka Asia. Japani, kwa sheria ya mwaka 1950, ilianza kulinda ustadi pamoja na majengo, na Korea Kusini ikafuata na sheria yake mwaka 1962. Fundi au mtendaji anatambuliwa na dola, anapewa ruzuku, na wajibu wake ni kufundisha. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika, ulioanza kutumika mwaka 2006, umeweka urithishaji katikati ya maana ya kulinda.

Njia hiyo nayo ina mtego. Ukimteua fundi mmoja kuwa hazina ya taifa, namna yake inageuka sheria, na jirani yake aliyefanya tofauti anaonekana amepotoka. Mila hai hubishaniwa na wenyewe. Ikiacha kubishaniwa, hiyo ni dalili mbaya.

16. Jambo likiingia katika orodha ya UNESCO, limesalimika?

Limejulikana. Kuna orodha ya urithi unaowakilisha binadamu, orodha ya unaohitaji ulinzi wa haraka, na rejista ya mbinu bora. Kuingizwa huleta heshima na wakati mwingine fedha. Huleta pia watalii na waandaaji wa maonyesho wanaotaka ngoma ya usiku kucha ichezwe kwa dakika ishirini. Maombi hupelekwa na serikali, na kabila dogo lisiloelewana na serikali yake linajua hilo lina maana gani.

17. Tuna kanda za babu za miaka ya 1970. Tufanye nini?

Fanyeni sasa. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha hifadhi za sauti walionya kwamba kupata mashine za kuchezea tepu za sumaku kungekuwa kugumu mno baada ya mwaka 2025: mashine hazitengenezwi tena na vipuri vimeadimika. Tepu yenyewe inaweza kuwa nzima na isiwepo ya kuichezea.

Msiijaribu kwenye redio mbovu, inaweza kukatwa. Wekeni mahali pakavu, pasipo joto, mbali na spika. Tafuteni hifadhi au chuo chenye vifaa vya kuigeuza kuwa ya kidijiti, na msitupe tepu asilia. Kabla ya yote, kaeni na mzee anayezitambua sauti na muandike nani anasema, wapi, mwaka gani. Bila hayo mjukuu atarithi sauti za watu asiowajua.

Na nakala zisikae nyumba moja. Moto wa Septemba 2018 katika Makumbusho ya Taifa ya Brazil uliteketeza rekodi za lugha za wenyeji, zikiwemo ambazo hazikuwa na nakala popote.

## Haki, ridhaa na yaliyo magumu

18. Ngano au wimbo wa mapokeo ni mali ya nani?

Sheria ya hakimiliki inataka mtunzi anayejulikana na muda unaokwisha. Mapokeo hayana cha kwanza wala cha pili, kwa hiyo mara nyingi yanahesabiwa kuwa ya kila mtu, na wa kwanza kuyachapisha huvuna. Bolivia ilipeleka lalamiko UNESCO mwaka 1973, na tangu mwaka 2000 kamati ya shirika la dunia la haki miliki inaendelea na majadiliano juu ya sanaa za mapokeo.

Hatari ya upande wa pili husahaulika: kazi ya mtu kuitwa "ya mapokeo" ili asilipwe. Solomon Linda alirekodi Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ukavuka bahari, ukachukuliwa kana kwamba ni wa kienyeji usio na mwenyewe, ukawa maarufu duniani. Yeye akafa maskini mwaka 1962. Familia yake ilipata makubaliano ya malipo mwaka 2006. Kabla ya kuandika "mtunzi hajulikani", uliza mara ya pili.

19. Ridhaa hutafutwaje? Karatasi ya sahihi inatosha?

Karatasi huwatuliza watu wa chuo. Kwa msimulizi, ridhaa ni mazungumzo: nini kitarekodiwa, kitawekwa wapi, nani atakisikia, jina litajwe au lifichwe, na anaweza kukataa lini. Elezeni intaneti kwa uwazi. Mtu anayekubali "kuwekwa kwenye mtandao" huenda hajafikiria kwamba mkwewe naye atasikia. Irekodi ridhaa kwa sauti kama hasomi, na uiulize tena kila matumizi yanapobadilika. Malipo au zawadi? Fuata desturi ya wenyeji. Ukiondoka na wimbo bila kuacha hata nakala, usishangae atakayekufuata akifungiwa mlango.

20. Je, kuna vitu visivyopaswa kurekodiwa au kuhifadhiwa?

Vipo. Barre Toelken alirekodi kwa miaka mingi masimulizi ya Yellowman, msimulizi wa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, na uchambuzi wake ukasomwa vyuoni kote Marekani. Lakini masimulizi hayo husimuliwa msimu wa baridi tu, na kadiri Toelken alivyojifunza ndivyo alivyotambua kwamba tepu zinaweza kuchezwa wakati wowote na mtu yeyote, na kwamba kwa wenyewe hilo lina hatari. Baada ya Yellowman kufariki, alizirudisha tepu zote kwa mjane wake, akijua zitaharibiwa. Wapo wenzake waliosikitika. Mimi naona ni moja ya maamuzi ya kitaalamu kabisa katika historia ya fani hii: alijua hazikuwa zake.

Kati ya kuharibu na kuanika kuna njia nyingine. Zile silinda za mwaka 1890 zimesafishwa kidijiti na kurudishwa kwa Wapassamaquoddy, nao wameweka alama zinazoeleza ipi isikilizwe na nani. Wimbo ambao maktaba ilikuwa nao kwa miongo bila kuuelewa, wao waliutambua na kuanza kuuimba.

21. Nikikuta mila inayodhuru watu, niirekodi?

Kuandika si kuunga mkono; methali za kuwadharau wanawake hazitafutika kwa kufichwa. Lakini kushuhudia mtu anaumizwa ni jambo jingine. Hapo wewe ni binadamu kwanza, na sheria ya nchi inakuhusu. Usichapishe pia kitu kitakachomtambulisha mtoto au mwathirika, hata kama msimulizi ameruhusu.

22. Taaluma hii imewahi kutumiwa vibaya?

Ndiyo, vibaya sana. Wanazi walianzisha mwaka 1935 taasisi ya Ahnenerbe, iliyotumia mila na ngano kupamba nadharia za damu na ubora wa kabila, na wasomi wengi waliitumikia kwa hiari. Baada ya vita idara za Ujerumani zilijihoji kwa miaka. Ile ya Tübingen, chini ya Hermann Bausinger, ilibadili hata jina lake mwaka 1971. Alama ya hatari ni ile ile hadi leo: anayekwambia mila hii ni safi, haijawahi kuchanganyika na ya jirani. Fahirisi ya swali la 11 peke yake inamwumbua.

## Kwa anayetaka kuanza

23. Programu za akili unde zinaweza kuninukulia?

Kwa lugha kubwa na sauti safi, zitakupa rasimu ya kusahihisha. Kwa lahaja, nyimbo na watu wanaodakiana, hukosea kwa kujiamini, na hubadilisha neno geni kuwa la kawaida bila kukuarifu. Neno geni ndilo ulilolifuata. Fikiria pia sauti ya mzee inapelekwa kwenye seva ya nani (swali la 19).

24. Lazima niwe na shahada?

Ireland, kati ya mwaka 1937 na 1939, watoto wapatao 50,000 wa shule za msingi walipewa madaftari wakawaulize wazazi na majirani kuhusu visima, mizimu, tiba, michezo na hadithi. Leo mkusanyiko huo unasomeka bure mtandaoni, pamoja na mwandiko wao.

Anza na mtu mmoja unayemfahamu na jambo moja dogo: alichezaje utotoni, aliimbiwa nini. Usiulize "niambie mila zetu", maana hakuna anayejua ajibu nini. Uliza "mvua ikikatika mlifanyaje?" kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka. Ukifika nyumbani usilale kabla hujalipa faili jina: tarehe, mahali, aliyesema, aliyekuwepo. "Sauti_mpya_7" haitamsaidia mtu yeyote, wewe mwenyewe ukiwemo, mwezi ujao.